Ramani ya kichochoro ambacho hakipo

Mwalimu alitoa alama nne kwa kumi, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu: "Kaskazini iko wapi?"

Kazi ilikuwa ya binti yangu, darasa la nne, somo la Maarifa ya Jamii: chora ramani ya mtaa aliozaliwa mzazi wako mmoja, onyesha vitu vitano muhimu. Angechagua kwa baba yake, Ngamiani, Tanga, tungemaliza kabla chai haijapoa. Ngamiani mitaa imenyooka kama mistari ya daftari na inaitwa kwa namba, barabara ya nane, ya tisa, ya kumi. Hata mgeni aliyeshuka basi jana hapotei. Lakini mtoto alitaka kuwaringia wenzake, akachagua kwa mama. Na tusidanganyane, zile nne kwa kumi zilikuwa zangu. Mimi ndiye niliyechora, usiku, nimesimama jikoni nasubiri wali ukauke.

Nilizaliwa Guangzhou, kusini mwa China, mwaka 1979. Kiswahili nilianza kukiokota Xiaobei, mtaa wa mji huo ambako wafanyabiashara wa Kariakoo, Nairobi na Lubumbashi walikuwa wakifikia. Nilikuwa karani katika ofisi ya mizigo jirani na jengo la Tianxiu. Neno langu la kwanza lilikuwa "punguza". La pili "kesho". Mengine yote nimefundishwa na mama mkwe wangu wa Tanga, ambaye akisahihisha hasahihishi kwa upole. Nimeishi Dar es Salaam tangu 2007, na muda wote huo nilidhani mji wangu ninao kichwani, mzima, kama nguo za sikukuu zilizofungiwa kabatini. Kumbe.

Nyumba yetu niliichora vizuri. Kisima nilikichora. Mti, duka la mfua shaba, geti la shule, vyote nilivichora, na kila kimoja ningeweza kukuelezea mpaka rangi ya kutu yake. Nilichoshindwa ni kuvipanga. Kisima kiko umbali gani na mlango wetu? Mti uko kabla ya duka au baada? Nilikuwa na vipande vya sahani, sahani yenyewe sina.

Sehemu yetu inaitwa Xiguan, yaani nje ya lango la magharibi. Guangzhou ulikuwa mji wa kuta mpaka 1918 walipoanza kuzibomoa ili wapate barabara, na Xiguan ilikuwa upande wa nje, kwa wafanyabiashara, wafumaji wa hariri na waigizaji wa opera. Siku hizi ni sehemu ya wilaya ya Liwan. Barabara yetu kubwa, Enning, ilikatwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, na pande zote mbili yakapangwa majengo ambayo chini ni duka, juu ni makazi, na ile ghorofa ya juu imetokeza mbele ikabebwa na nguzo. Unatembea barabara nzima kwenye mvua ya Mei na hulowi. Nyuma ya majengo hayo ndiko vilikokuwa vichochoro, vimetandikwa mabamba ya mawe, vyembamba kiasi kwamba wakikutana watu wawili wenye miavuli lazima mmoja ainue wake.

Nyumba zenyewe tunaziita nyumba za pingili za mwanzi. Mbele ni upana wa hatua tano sita, halafu inakwenda ndani, ndani, ndani, chumba nyuma ya chumba, na katikati kuna uwazi usioezekwa ili mwanga ushuke, na mvua nayo ishuke. Zamani sana yetu ilikuwa ya ukoo mmoja. Mimi nilipozaliwa tulikuwa familia tano humo. Jiko moja, lakini taa tano zinaning'inia darini, kila moja na swichi yake chumbani kwa mwenyewe, maana umeme haukuchangiwa. Ukipika, unawasha taa yako. Jirani akiingia kupika akakuta yako inawaka, anawasha na yake vilevile, ili kesho asisemwe.

Milango ilikuwa mitatu. Wa nje ni vipande viwili vyepesi vya kuzuia macho ya wapita njia. Wa katikati ni fremu ya magogo ya mviringo yaliyolazwa, unaisukuma pembeni kama droo, na idadi ya magogo hayo lazima iwe witiri, kamwe si shufwa. Wa ndani kabisa ni mbao nzito. Mchana wa joto unaacha ule mzito wazi na kufunga ule wa magogo: upepo unapita, mwizi hapiti. Nilipomweleza mama mkwe alisema, "Yaani mlikaa mnachungulia kama kuku kwenye tenga." Yeye ni mtu wa baraza. Nilinuna siku nzima.

Baada ya zile nne kwa kumi nilimpigia mama simu ya video. Mama alikuwa na miaka 74, na siku hiyo dada zake wote wawili walikuwa kwake wanacheza mahjong, mchezo wa vigae. Kichina nacho kina mama mkubwa na mama mdogo, kila mmoja na neno lake, na hapo niliwapata wote kwa mpigo mmoja. Nikauliza: kile kisima, kilikuwa mkono gani wa kichochoro?

"Kulia," mama akasema, hata hakuinua macho kwenye vigae vyake.

"Kushoto," nikasema mimi. Nilikuwa nakiona kabisa.

Mama mkubwa akasema hakukuwa na kisima. Kisima kilikuwa kichochoro cha pili. Mama mdogo akasema kisima kilikuwepo lakini kilifukiwa kabla sijazaliwa, kwa hiyo mimi sijakiona. Nikamwambia nakumbuka matikiti maji yakishushwa humo kwa kikapu ili yapoe. Akanijibu, bila ubaya wowote, "Ulisimuliwa, mwanangu."

Neno hilo lilinikosesha usingizi. Kama kisima nilisimuliwa, kipi kingine nilisimuliwa? Yule mzee wa zeituni? Maana kwetu kulikuwa na wauzaji wa zeituni za Kichina zilizokaushwa na kutiwa chumvi, sukari na viungo, wakipita mtaani na sanduku la kijani lenye umbo la zeituni yenyewe. Ukiwa ghorofani unaita, unadondosha sarafu, naye anairusha zeituni iliyofungwa kwenye karatasi moja kwa moja hadi dirishani kwako, ghorofa ya tatu, hakosi. Tuliziita zeituni za ndege. Nilikuwa na uhakika kwamba moja ilinipiga kwenye paji la uso. Au ilimpiga mama mdogo?

Ikabidi nifanye kama ninavyofanya mzigo unapopotea bandarini. Kazi yangu hata leo ni mizigo, na jambo la kwanza nililojifunza ni kutomuuliza mtu anakumbuka nini. Muulize ana karatasi gani. Nikamwomba mama afungue boksi la biskuti analowekea nyaraka anipigie picha kila kitu. Ilichukua wiki tatu kwa sababu kila akifungua anakaa anasoma. Kulikuwa na kitabu cha kaya cha zamani chenye namba ya nyumba na mhuri. Kulikuwa na stakabadhi za umeme. Na kulikuwa na picha ya harusi ya mwaka 1983, ya jirani mmoja, imepigwa kichochoroni: bibi harusi anatazama kamera, bwana harusi anatazama chini kwa sababu mguu mmoja amekanyaga ukingo wa jiwe la mviringo na anaogopa kuteleza. Ukingo wa kisima. Nikaituma kwenye kundi la familia bila neno lolote. Mama mdogo alijibu na kikatuni cha paka anayelala.

Kisima kilikuwepo, basi, na 1983 nilikuwa na miaka minne. Lakini picha haikuonyesha ni mkono gani.

Kwa nini mama mkubwa alikikana kabisa, hilo nililielewa baadaye. Yeye aliolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Liede, kijiji cha kando ya mto mashariki ya mji, na Xiguan nzima ilimcheka: binti wa mjini kaenda kulima mboga. Enzi hizo watu wa Guangzhou walikuwa na msemo kwamba afadhali kitanda kimoja kaskazini ya mto kuliko chumba kizima kusini yake. Mashariki nako hakukuwa bora, Tianhe, wilaya ya upande huo, yote ilikuwa mashamba mpaka walipojenga uwanja wa michezo kwa Michezo ya Taifa ya 1987. Leo maghorofa marefu kuliko yote mjini yamesimama huko. Liede ilivunjwa 2007, wanakijiji wakarudi 2010 kwenye maghorofa, na kumbi za mababu wa kila ukoo zikajengwa upya chini ya maghorofa hayo. Mama mkubwa sasa ana vyumba vya kupangisha, na hakuna anayemcheka. Ila vichochoro vya Liede na vya Xiguan vimemchanganyikia, vyote vya mawe, vyote vimevunjwa, na kisima "cha kichochoro cha pili" nina hakika ni cha Liede.

Yetu ilianza kuvunjwa mwaka huohuo wa 2007. Habari zilikuwa zimeanza 2006 kwamba Enning itajengwa upya. Kisha kuta zikaandikwa herufi moja, *chai*, maana yake vunja, kwa rangi nyekundu, imezungushiwa duara. Baadhi ya wakazi waliandika barua za kupinga, wanafunzi wa vyuo na waandishi wakaja kupiga picha, na mwisho wa yote kazi ikasimama nusu: nyumba hii ipo, ile haipo, kama mdomo wa mzee. Sehemu iliyobaki, inayoitwa Yongqing Fang, haikuvunjwa tena. Kuanzia 2016 imekarabatiwa, imejaa migahawa na wapiga picha za harusi. Kichochoro chetu hakikuwa na bahati hiyo. Mimi nilikuwa nimeshapanda ndege. Miaka kumi baadaye, 2017, tukipita Kimara kwenye Barabara ya Morogoro, niliona nyumba zimepigwa X nyekundu mstari mzima, nikamwambia mume wangu asimamishe gari. Alidhani natapika. Nilishuka tu nikasimama pale.

Tulisafiri likizo ya Pasaka ya 2024, mimi na binti, kupitia Addis Ababa. Niliondoka na daftari la hesabu lenye miraba, kalamu za rangi, na picha ya harusi kwenye simu. Mume wangu aliniambia kwa nauli ile tungemnunulia mwalimu nyumba.

Machi na Aprili Guangzhou kuta hutoka jasho. Upepo wenye unyevu unatoka kusini, sakafu zinalowa zenyewe, nguo hazikauki, vioo havionyeshi kitu. Ndio msimu ambao misufi inachanua. Msufi wetu ni ule wa maua mekundu, na ni ua la mji; maua yakianguka yanatoa mshindo kama kiatu, na mabibi wanayaokota wakayaanike kwa ajili ya chai na supu. Binti alishangaa kwamba msufi unanywewa. Kwa bibi yake Tanga msufi ni wa mito ya kulalia.

Tulipanga na mama tukutane kisimani. Alisema kwa kujiamini, "Mimi nitasimama kilipokuwa kisima, wewe utanikuta." Yeye anaishi Jinshazhou, ng'ambo ya mto, alikohamia 2009, anapanda metro mstari wa 6 mpaka Huangsha na kutembea. Sisi tulitoka Changshou Lu, mstari wa kwanza, kituo kilichochimbwa karibu na shule yangu nilipokuwa sekondari. Nimesoma jiografia na nguzo zikigongwa ardhini mchana kutwa, mwalimu akiandika ubaoni kwa sababu kusema hakukusaidia.

Barabarani mambo yalikuwa rahisi. Zile nguzo zipo. Wafua shaba wachache wapo, ingawa birika wanazofua sasa ni za watalii. Lango la Bahe, chama cha waigizaji wa opera ya Kikantoni, lipo palepale, na hilo ndilo nililifanya msumari wa ramani nzima: kila kitu kingepimwa kutokea hapo. Shida ilikuwa kipimo. Nilikumbuka kwamba kutoka Bahe mpaka mdomo wa kichochoro chetu ni hatua mia moja na kumi, maana nilizihesabu kila siku nikitoka shule, ilikuwa mchezo wangu. Nikahesabu. Mia moja na kumi zikanipeleka mbali mno, katikati ya duka la vinywaji ambalo muuzaji wake hakuwa amezaliwa nilipoondoka.

Nilisimama pale na daftari langu kama mkaguzi wa maji wa Dawasa aliyekosa mita. Binti akasema, "Mama, lakini ulikuwa mdogo."

Alikuwa na miaka kumi. Nilimrudisha langoni Bahe, nikamwambia atembee kama anatoka shule, asikimbie, asijinyooshe. Akahesabu kwa Kiswahili kwa sauti, watu wakigeuka. Mia moja na nane akasimama mbele ya pengo kati ya nguzo mbili, lenye geti la chuma lililofungwa na njia ya wapita kwa miguu pembeni yake. Kwenye nguzo ya kushoto kulikuwa na alama ya kutu ya bawaba. Bawaba ile naijua. Ilinichana goti.

Kuanzia hapo tulipima kwa miguu yake. Sikutumia yangu hata mara moja. Ndani hakukuwa na kichochoro, kulikuwa na njia pana ya mawe mapya na bustani ya vichaka, lakini mti ulikuwepo. Si msufi; ni ule wa jamii ya mkuyu wenye mizizi inayoning'inia kama ndevu, na miti mikongwe kama hiyo mjini kwetu ina kibao na namba ya serikali, haikatwi ovyo. Watu hawana kibao. Kutoka kwenye mti hatua thelathini na mbili, kisima, mkono wa kushoto.

Na hapo hatua ya thelathini na mbili alikuwa amesimama mama, amevaa koti la mvua la zambarau, ametokea upande wa pili. Hakusalimia. Aliinua mkono wa kulia, akaelekeza ukuta mweupe kando yake, akasema kwa ushindi, "Kulia. Nilikwambia."

Mimi nilikuwa nimeinua mkono wa kushoto. Ukuta uleule.

Ilinichukua muda. Miaka ishirini na minane mama alifanya kazi kiwanda cha nguo upande wa Huangsha, akarudi nyumbani kutokea kule. Mimi nilirudi kutokea shule, upande huu. Tuliishi chumba kimoja, na hatukuwahi kuingia kichochoro kile kwa mdomo mmoja. Kwake mti ulikuwa baada ya nyumba, kwangu kabla. Kwake duka la mfua shaba halikuwepo kabisa, kwa sababu hakulipita. Kwangu hakukuwa na fundi wa miavuli ambaye yeye alimsalimia kila jioni. Tulikuwa tumegombana miezi mitano kwa jambo tulilokubaliana.

Binti alitoa simu, akafungua dira, akageuka geuka mpaka mshale ukatulia. "Kaskazini ni kule," akasema, akachora. Ni jambo la sekunde tano, na bado naweza kujitetea kwa mwalimu. Kwetu hatukusema kaskazini. Tulisema upande wa mtoni na upande wa mjini, na mto wenyewe pale Xiguan unajikunja: uko kusini, halafu unageuka uko magharibi. Mtu akikwambia "upande wa mtoni" inabidi ujue anataka kwenda wapi.

Tulikaa siku nne tukipima. Mama alileta kiti cha plastiki. Ilipofika zamu ya nyumba yenyewe, hesabu ya hatua ilitufikisha kwenye ukuta wa makumbusho ya opera ya Kikantoni, yaliyofunguliwa 2016, yenye bwawa, madaraja na jukwaa juu ya maji. Chumba chetu, kwa makadirio ya binti, ni pale kwenye kingo za bwawa. Nilimtazama mama, nikijiandaa kumshika. Mama anapenda opera kuliko chakula; redio yake ya opera ndiyo iliyokuwa ikiwagombanisha familia tano. Alichungulia kwa muda mrefu. "Kwa hiyo sasa wanaimba chumbani kwangu," akasema, "na yule jirani hayupo wa kugonga ukuta."

Jioni ya mwisho tulikwenda Lizhiwan, nyuma kidogo ya hapo. Nilipokuwa naichora barabara ya hapo, binti akaniuliza kwa nini naweka barabara ilhali kuna mto na watu wamepanda mitumbwi. Mimi nikiwa sekondari ilikuwa barabara, nimeipita kwa baiskeli. Mama akasema wote tumekosea, ni mfereji mweusi unaonuka, ukipita unaziba pua. Na sote tuko sawa: mfereji ulifunikwa miaka ya 1990 mwanzoni ukawa barabara, na 2010, kwa ajili ya Michezo ya Asia, wakaifukua barabara na kurudisha maji. Binti akatumia rangi tatu, moja juu ya nyingine, pakawa na uchafu wa kahawia ambao hausomeki. Tulikula uji wa mtumbwini, uji wa mchele wenye samaki, karanga na vipande vya ngisi, ambao zamani uliuzwa kwenye mitumbwi hapohapo. Kwenye hilo hatukubishana.

Nilitegemea mama atalia hata kidogo siku hizo. Hakulia. Jinshazhou ana lifti, ana bafu lake, ana jiko lenye taa moja na hakuna anayemwangalia akiiwasha. Fidia ilikuwa kidogo na amelalamika vya kutosha, lakini kurudi hataki. "Wanaoililia nyumba ile," aliniambia tukiwa kwenye metro, "ni wale ambao hawakubeba ndoo." Nilidhani anasema ndoo za maji ya kisima. Nikaandika hata pembeni ya daftari: ndoo, kisima.

Ramani ilikamilika Juni, Dar es Salaam, kwenye karatasi kubwa ya manila. Kipimo: hatua kumi za mtoto wa miaka kumi ni sentimita tatu. Mshale wa kaskazini ni mkubwa kuliko lazima. Kuna mishale mingine miwili, mwekundu na wa buluu, inayoonyesha mama aliingilia wapi na mimi wapi, na kila kitu kimeandikwa mara mbili, kwa jina la kila mmoja. Mwalimu hakuulizia, mada ilishabadilika, walikuwa kwenye aina za mazao. Tuliibandika ukutani karibu na friji.

Mama mkwe alikuja kwa kliniki ya macho, na siku ya tatu, miwani mpya usoni, akasimama mbele yake na kikombe mkononi. Alisoma yote, kwa kidole.

"Hiki?"

"Kisima, mama."

"Na hii ndiyo nyumba. Familia tano?"

"Tano."

"Watu wangapi?"

Nikahesabu. "Kumi na tisa. Ishirini shangazi wa mbele akija."

Akanywa chai. "Na choo?"

Niliitazama ramani. Nilitazama nyumba, nikatazama kichochoro chote toka mdomo mmoja hadi mwingine, mti, duka, fundi miavuli. Ndoo. Kila alfajiri, mama na ndoo yenye kifuniko, mawe yamelowa, mimi bado nimelala.

Nikampigia mama palepale. Guangzhou ilikuwa usiku, vigae vya mahjong vinasikika. Nilipomuuliza, alicheka mpaka akakohoa. "Mwisho wa kichochoro," akasema, "mkono wa kulia."

"Kushoto!" ikaja sauti ya mama mkubwa kutoka nyuma.

Nikachukua penseli. "Kutokea wapi?" nikauliza.